Steinmetz: Mhamiaji mwenye kibiongo aliyefichua siri ya umeme uliochafuka

GIZA linapotanda katika mitaa ya Langas, Huruma na Kapsoya jijini Eldoret na kelele za mchana zikatulia, mvumo wa transfoma zilizopachikwa juu ya nguzo husikika waziwazi. Wapita njia hawaujali. Kwao hiyo ni sauti ya stima tu, kama ilivyo sauti ya mvua juu ya mabati.

Mvumo huo hutokana na chuma kinachogeuzwa usumaku wake mara 100 kila sekunde. Ndani ya transfoma nyingi za fezi tatu, nyaya za upande wa volteji ya juu zimeunganishwa kwa umbo la pembetatu ambalo mafundi huliita delta. Pembetatu hiyo haikuwekwa kwa mapambo, kwani miongoni mwa kazi zake ni kuuzuia uchafu fulani wa umeme usienee kwenye nyaya za mji mzima.

Mmoja wa wataalamu waliofafanua kwa hesabu asili ya uchafu huo na namna ya kuuzuia alikuwa mtu mfupi mwenye kibiongo, Charles Proteus Steinmetz. Alipofariki mwaka 1923, Eldoret kilikuwa kituo kidogo cha walowezi kilichopewa jina hilo mwaka 1912, na garimoshi lilikuwa bado halijafika. Reli iliingia mjini humo mwaka 1924.

Karne moja baadaye, tatizo alilolichunguza Steinmetz limezidi kukua, na dawa yake mpya inaitwa kichujio amilifu. Ili kuielewa dawa hiyo na umuhimu wake kwa mji kama Eldoret, ni vyema kuyafuata maisha ya mtu huyu tangu mwanzo.

Mtoto wa Breslau

Steinmetz alizaliwa Aprili 9, 1865 mjini Breslau, katika ufalme wa Prussia. Mji huo sasa uko nchini Poland na unaitwa Wrocław. Wazazi wake walimpa jina Karl August Rudolf. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mchanga, na nyanya yake akashiriki kumlea kwa mapenzi makubwa.

Kibiongo chake kilikuwa cha kurithi. Baba yake na babu yake pia walikuwa nacho. Nyonga zake nazo zilikuwa na kasoro, hivyo akatembea kwa kuyumba maisha yake yote. Alipokuwa mtu mzima, kimo chake kilikuwa futi nne hivi.

Wahenga waliposema hujafa hujaumbika, walikuwa wakiwaonya wanaowacheka walio na ulemavu. Onyo hilo lingewafaa wengi waliokutana na Steinmetz, kwani macho yao yaliishia mgongoni mwake na hawakuona kilichokuwa kichwani.

Mnamo 1883 alijiunga na Chuo Kikuu cha Breslau, akazama katika hisabati. Wanachama wenzake katika chama cha wanafunzi wa somo hilo walimpa jina la utani la Proteus, mungu wa bahari katika ngano za Kigiriki aliyeweza kujigeuza kuwa umbo lolote.

Hata hivyo, hisabati haikuwa mapenzi yake pekee. Alivutiwa na siasa za kijamaa wakati ambapo serikali ya Otto von Bismarck ilikuwa imevipiga marufuku vyama na magazeti ya wajamaa kwa sheria ya mwaka 1878. Kijana huyo akawa miongoni mwa wahariri wa gazeti la wajamaa mjini mwake.

Mwaka 1888, akiwa amebakiza hatua chache tu kupata shahada ya udaktari, alipata habari kuwa polisi walikuwa mbioni kumkamata. Ilimbidi achague kati ya shahada na uhuru wake. Akatorokea Uswisi bila shahada, na kwa muda mfupi akaendelea na masomo mjini Zürich.

Mlangoni mwa Marekani

Mjini Zürich aliishi na mwanafunzi mwenzake, Oscar Asmussen, ambaye alikuwa na jamaa Marekani. Mwaka 1889 marafiki hao wawili walipanda meli, wakasafiri katika daraja la nauli ya chini kabisa hadi New York.

Maafisa wa uhamiaji hawakufurahishwa na walichokiona. Mbele yao alisimama mgeni mwenye mgongo uliopinda, asiye na pesa, na ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Nusura wamrudishe alikotoka. Asmussen alisimama kidete, akamdhamini na kuahidi kuwa rafiki yake hangekuwa mzigo kwa mtu yeyote. Mlango ukafunguliwa.

Kama neno la rafiki huyo lisingesikilizwa siku hiyo, Marekani ingempoteza mtu ambaye baada ya miaka 12 tu angekuwa rais wa taasisi ya wahandisi wake wa umeme. Mgeni huyo aliamua kuanza upya hata kwa jina. Karl akawa Charles, na jina la utani la Proteus akalifanya jina lake rasmi la kati.

Alipata kazi Yonkers, karibu na New York, katika karakana ya Rudolf Eickemeyer, Mjerumani aliyekuwa amehamia huko miaka mingi kabla yake. Eickemeyer alitajirika kwa mashine za kutengenezea kofia, kisha akaingia katika utengenezaji wa mota za umeme. Aliutambua upesi uwezo wa kijana huyo, akampa chumba cha kufanyia uchunguzi.

Hapo ndipo Steinmetz alipokutana na tatizo lililowasumbua wahandisi wote wa zama hizo. Umeme wa mkondo geu, yaani ule unaobadili mwelekeo wake mara nyingi kila sekunde, ulikuwa umeanza kuenea kwa sababu ungeweza kusafirishwa mbali kupitia transfoma. Lakini chuma kilichomo ndani ya mota na transfoma kilipata joto kali, na hakuna aliyeweza kusema mapema kingepata joto kiasi gani. Kiwanda kiliunda mashine, kikaijaribu, na ikiungua kikaanza upya.

Sababu ni kwamba chuma hakikubali kugeuzwa usumaku wake bila ukaidi. Kila kinapogeuzwa, sehemu ya nguvu hupotea na kuwa joto. Steinmetz alipima vyuma vya aina mbalimbali, akajaza matokeo kwenye majedwali, na mwaka 1892 akawasomea wanachama wa Taasisi ya Wahandisi wa Umeme ya Marekani kanuni rahisi ya kukadiria upotevu huo. Tangu hapo mhandisi aliweza kuujua ukaidi wa chuma akiwa mezani na kalamu yake, kabla mashine haijaundwa.

Mwaka uliofuata, katika kongamano la kimataifa la umeme mjini Chicago, alionyesha kuwa mahesabu ya mkondo geu yanaweza kufanywa kwa namba changamano. Kazi iliyokuwa ikichukua kurasa nyingi za hisabati ngumu ikawa ya mistari michache. Wanafunzi wa uhandisi kote duniani wanaitumia njia hiyo hadi leo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa karibu na Eldoret mwaka 1984.

Kampuni ya General Electric, iliyoundwa mwaka 1892, iliinunua biashara ya Eickemeyer na kumchukua Steinmetz. Mwaka 1894 alihamia Schenectady, jimboni New York, yalikokuwa makao ya kampuni hiyo, na akaishi huko hadi kifo chake. Mwaka 1901 alichaguliwa rais wa taasisi ileile ya wahandisi aliyoisomea kanuni yake. Baadaye chuo cha Union mjini humo kilimpa shahada ya heshima ya udaktari na kumfanya profesa wa uhandisi wa umeme.

Wimbi linapoharibika

Njia ya Steinmetz ya kufanya mahesabu ilikuwa na sharti moja. Ilichukulia kwamba wimbi la umeme hupanda na kushuka kwa ulaini, kama mawimbi ya ziwa siku ya upepo mwanana. Nchini Kenya wimbi hilo hujirudia mara 50 kila sekunde. Steinmetz alijua kuwa mambo hayawi hivyo daima.

Kosa lilianzia kwenye chuma kilekile alichokichunguza Yonkers. Chuma cha transfoma kikishashiba usumaku, hakiwezi kupokea zaidi. Mkondo unaopita katika nyaya zinazokizunguka hulazimika kuchongoka ghafla, na wimbi lililokuwa laini linapata vilele vikali. Umeme uliotoka mtamboni ukiwa safi unachafuliwa na kifaa kilichowekwa kuusafirisha.

Mwanahisabati Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake kuhusu joto cha mwaka 1822, alikuwa ameeleza kwamba wimbi lolote linalojirudia, hata liwe na umbo baya namna gani, ni jumla ya mawimbi laini yenye kasi tofauti. Steinmetz aliitumia hoja hiyo kwenye umeme. Wimbi lililoharibika alilichambua kama mtu anayepembua mchele, akatenga wimbi kuu na mawimbi madogo yanayolipanda mgongoni.

Mawimbi hayo madogo ndiyo yaitwayo harmoniki. Umeme wa Kenya ukiwa na wimbi kuu la hezi 50, harmoniki ya tatu ina hezi 150, ya tano hezi 250, na ya saba hezi 350. Hazifanyi kazi yoyote ya maana kwenye mota wala kwenye taa. Hupasha joto nyaya na vyuma, huongeza upotevu, na hufupisha maisha ya mitambo.

Iliyomshughulisha zaidi Steinmetz ilikuwa harmoniki ya tatu, na tabia yake inaweza kuelezwa kwa mfano ambao mkazi wa Eldoret, mji wa wanariadha, ataufahamu mara moja.

Chukua wanariadha watatu wanaozunguka uwanja kwa kasi moja, kila mmoja akiwa mbele ya mwenzake kwa thuluthi ya mzunguko. Hao ni fezi tatu za umeme. Kwa kuwa wamejigawa sawasawa, wanasawazishana. Sasa mpe kila mmoja ngoma, na umwambie aipige mara tatu katika kila mzunguko, kwa nafasi sawa. Ngoma zote tatu zitalia kwa wakati mmoja, kila mara. Badala ya kusawazishana, zinasaidiana kupiga kelele.

Ndivyo harmoniki ya tatu inavyofanya. Nyaya zinapounganishwa kwa umbo la nyota, harmoniki hizo za fezi tatu hukusanyika kwenye waya wa nyutro, ambao katika hali ya kawaida hutarajiwa kubeba mkondo mdogo tu. Zikiunganishwa kwa pembetatu ya delta, harmoniki hizo hupata njia ya kuzunguka humo ndani zenyewe kwa zenyewe, bila kutoka kwenda kwenye laini.

Steinmetz aliyaeleza mambo haya katika vitabu vyake, hasa katika kazi alizochapisha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambamo alizipa harmoniki za mifumo ya fezi tatu nafasi kubwa na kupendekeza matumizi ya delta. Maelfu ya transfoma za Kenya zimeirithi busara hiyo.

Lakini delta ina mipaka yake. Mpe kila mwanariadha kazi ya kupiga ngoma mara tano kwa mzunguko badala ya tatu, na ngoma hazitalia tena kwa pamoja. Harmoniki ya tano na ya saba, zinapotoka zikiwa zimegawana sawasawa katika fezi tatu, haziwezi kunaswa kwenye pembetatu. Hupita na kuingia kwenye laini. Katika enzi za Steinmetz jambo hilo halikuwa balaa kubwa, kwa sababu chanzo kikuu cha uchafu kilikuwa chuma chenyewe.

Babu wa watoto wasio wa damu yake

Nyumbani kwake Schenectady, Steinmetz aliwashangaza majirani. Alikuwa na banda la kioo alimopanda maua ya okidi na dungusi kakati, na alifuga mamba. Sigara haikumtoka kinywani.

Hakuoa, kwa kuhofia kwamba watoto wake wangerithi ulemavu uliomwandama yeye, baba yake na babu yake. Lakini hakuishi maisha ya upweke. Msaidizi wake wa maabara, Joseph LeRoy Hayden, alipooa, Steinmetz aliwaalika bwana na bibi harusi waishi katika nyumba yake kubwa. Baadaye alimfanya Hayden mwanawe kisheria, na watoto watatu wa Hayden wakakua wakimwita babu.

Siasa zilizomfukuza Breslau hakuziacha. Wajamaa waliposhinda uchaguzi wa umeya wa Schenectady mwaka 1911, aliingia katika bodi ya elimu ya mji na kuwa mwenyekiti wake. Alipigania shule za kutosha, vitabu vya bure na uangalizi wa pekee kwa watoto wa wahamiaji na wale waliokuwa na shida za kiafya. Aliongoza pia baraza la mji. Mhandisi aliyelipwa vizuri na kampuni kubwa aliona kuwa umeme na elimu vyote viwili ni mali ya umma.

Alikuwa na gari la umeme la aina ya Detroit Electric la mwaka 1914, akiamini kuwa magari ya namna hiyo yangekuja kutawala barabara.

Katika miaka yake ya mwisho aliuelekeza uchunguzi wake kwenye radi, adui mkubwa wa laini za umeme. Mwaka 1922 aliwaonyesha waandishi wa habari mtambo uliotoa radi ya kutengenezwa yenye volti zaidi ya 100,000, ambao ulisaidia kupima vifaa vya kukinga laini. Mwaka huohuo, katika pembe nyingine ya dunia, kampuni za umeme za Nairobi na Mombasa ziliungana na kuunda East African Power and Lighting, mtangulizi wa Kenya Power ya leo.

Mnamo Oktoba 26, 1923, aliporejea nyumbani kutoka safari ndefu ya magharibi mwa Marekani, moyo wake ulisimama akiwa kitandani. Alikuwa na umri wa miaka 58. Alizikwa Schenectady, akiacha hataza zipatazo 200.

Dawa ya moto ni moto

Baada ya kifo chake, chanzo cha uchafu wa umeme kilihama. Dayodi na transista zilipoenea kuanzia miaka ya 1960, vifaa vingi viliacha kuvuta umeme kwa utaratibu. Mwanzoni mwa kila chaja ya simu, televisheni, kompyuta na taa ya LED kuna sehemu inayougeuza mkondo geu kuwa mkondo wa mwelekeo mmoja. Aghalabu sehemu hiyo hunywa umeme kwa mkupuo, wimbi linapofika kileleni, kisha hutulia. Hali ni hiyohiyo kwa vidhibiti vya kasi za mota viwandani, isipokuwa kwamba mkupuo wao ni mkubwa mno, na hutoa kwa wingi harmoniki ya tano na ya saba, zilezile zisizonaswa na delta.

Wahandisi walijaribu kwanza vichujio vya koili na kapasita. Kichujio cha namna hiyo hutegwa kwa ajili ya harmoniki moja, kama mtego uliotengenezwa kwa ajili ya mnyama mmoja. Ni cha bei nafuu na hakina ufundi mwingi. Ila uchafu ukibadilika, mtego unabaki mtupu, na wakati mwingine kapasita zenyewe huitikia harmoniki na kuizidishia nguvu hadi zikaungua.

Katika miaka ya 1970 wazo jipya liliibuka. Badala ya kuuwekea uchafu mtego, ilionekana afadhali kuukabili kwa uchafu mwingine ulio kinyume chake. Mwaka 1983, Mjapani Hirofumi Akagi na wenzake walichapisha njia ya kukokotoa papo hapo kiasi cha mkondo wa kinyume kinachohitajika katika mfumo wa fezi tatu. Transista zenye nguvu zilipopatikana kwa bei nafuu zaidi, kichujio amilifu kikatoka maabara na kuingia viwandani.

Utendaji wake si wa ajabu. Kichujio hufungwa karibu na mashine inayochafua. Kitambuzi husoma mkondo unaovutwa na mashine hiyo. Kompyuta ndogo hulitenga wimbi kuu, na kinachobaki ndicho uchafu. Kisha transista, zikijifunga na kujifungua maelfu ya mara kwa sekunde, huunda mkondo wenye umbo la uchafu uleule lakini uliopinduliwa, na kuuingiza kwenye waya. Panapo kilele, kichujio hutoa bonde. Viwili hivyo hukutana na kumalizana, na laini ya mji hubakiwa na wimbi karibu laini. Waswahili husema dawa ya moto ni moto.

Ubora wake ni kwamba hufuata mabadiliko. Mashine zikibadilishwa, nacho hubadili mkondo wake. Kasoro zake ni bei, uwezo wenye kikomo, na haja ya fundi anayejua anachokifanya. Kwa sababu hiyo baadhi ya viwanda huchanganya vichujio vya aina zote mbili, cha koili kikibeba mzigo mkubwa na kile amilifu kikimalizia kilichosalia.

Eldoret ya leo

Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024, ni mahali ambapo historia hii yote hukutana. Umeme wa maji wa Turkwel, kituo chenye uwezo wa megawati 106, hufika Lessos, kaunti jirani ya Nandi, kwa laini ya volti 220,000. Huko Kesses, kaunti ya Uasin Gishu, kituo cha umeme wa jua cha megawati 40 kilianza kazi mwaka 2023. Umeme wa jua lazima upitie kwenye inveta za transista kabla ya kuingia kwenye gridi, na ingawa inveta nzuri huwa na vichujio vyake, hazikosi kabisa harmoniki.

Upande wa wateja, kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichochukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kilifunguliwa upya mwaka 2019 kikiwa na mitambo ya kisasa. Mji una viwanda vya mbao na vya nafaka, hospitali ya rufaa yenye mashine nyeti, na mamia ya mafundi wa jua kali wanaochomelea vyuma kutwa nzima. Kwa jumla, kadiri mitambo inavyokuwa ya kisasa, ndivyo inavyotegemea zaidi vidhibiti vya transista.

Kuna mtego mwingine ambao wenye viwanda huingia bila kujua. Nchini Kenya, mteja mkubwa wa umeme ambaye kipimo chake cha pawa fakta kimeshuka chini ya 0.9 hutozwa ada ya ziada. Ili kuiepuka, wengi hufunga kapasita. Lakini kapasita zikifungwa mahali penye harmoniki nyingi bila vipimo kufanywa kwanza, zinaweza kuukuza uchafu uliokuwa mdogo. Mwenye kiwanda akaokoa shilingi kwenye bili na kuzipoteza kwa kununua mota mpya.

Hasara haiishii kwake. Uchafu unaotoka katika kiwanda kimoja husafiri kwenye laini ya pamoja hadi kwa jirani ambaye hana kosa. Transfoma iliyotengenezwa kubeba mzigo fulani hupata joto kabla ya kuufikia, kwa sababu upotevu ndani ya nyaya na chuma chake huongezeka upesi kadiri hezi za harmoniki zinavyopanda. Inapoungua, mtaa mzima hubaki gizani, na mwenye kinyozi au friji ya maziwa hulipia kosa ambalo hakulifanya.

Ndiyo maana vipo viwango. Toleo la mwaka 2014 la mwongozo unaofuatwa na wahandisi wengi duniani liliweka kikomo cha jumla ya harmoniki kwenye volteji kuwa asilimia 5 kwa laini za volti 11,000 na 33,000, na asilimia 8 kwa umeme wa volti 1,000 au chini yake. Mwongozo huo hutolewa na taasisi ya IEEE, iliyozaliwa mwaka 1963 pale taasisi aliyoiongoza Steinmetz ilipoungana na nyingine. Hata karatasi inayotumiwa leo kumhukumu mchafuzi wa umeme ina ukoo na mtu yule wa Breslau.

Funzo la maisha yake kwa mji unaokua kama Eldoret liko wazi. Steinmetz hakuanza kwa kununua kifaa, bali kwa kupima. Aliukuta ukaidi wa chuma ukihesabiwa kuwa bahati mbaya, akaugeuza kuwa namba. Aliukuta uchafu wa wimbi ukitatiza hesabu zake mwenyewe, na badala ya kuufumbia macho akauchambua kipande kwa kipande. Kichujio amilifu hufanya jambo lilelile, ila hulifanya kwa kasi ambayo mkono wa binadamu haungeiweza: hupima, hutenga, kisha hurekebisha.

Kiwanda kinachofunga kichujio cha bei kubwa bila kupima, au kinachofunga kapasita kwa kuiga jirani, kimeruka hatua ambayo mhamiaji yule maskini aliiona kuwa ya kwanza. Kwa upande mwingine, vijana wa uhandisi waliosoma katika vyuo vya Eldoret wana hesabu zake vichwani na wana vipimo ambavyo yeye hakuwahi kuviota. Iliyobaki ni wenye viwanda na kampuni ya umeme kuwaruhusu waingie mlangoni, kama alivyoruhusiwa yeye mwaka 1889 baada ya rafiki mmoja kumsemea.